Mkono Una Mwenyewe

Ukipitia kurasa za wapiga picha wa Afrika Mashariki siku hizi, au ukiingia katika ukumbi wowote wenye maonyesho ya picha, kuna picha moja utakayokutana nayo bila kuitafuta: viganja vya mzee vilivyokunjamana, vimejaa mishipa na nyufa, vimepigwa kwa karibu sana kwa nyeusi na nyeupe, na nyuma yake ni giza tupu. Mara vimeshika mkongojo, mara vimelazwa mapajani, mara vimekinga nafaka au maji. Chini yake huwekwa neno moja zito, kama vile "Hekima", "Subira" au "Maisha". Picha hizi hupendwa sana, nami sishangai, kwa kuwa mkono humgusa mtazamaji haraka kuliko kiungo kingine chochote ukiondoa uso. Lakini nikizitazama nyingi kwa mkupuo naona zote zina upungufu uleule: ndani yake hamna mtu. Kuna ngozi, kuna mwanga mzuri, kuna umri, ila hatuambiwi mzee huyo ni nani, alikuwa akifanya nini kabla ya kamera kufika, wala kama alikuwa na huzuni au alikuwa anasubiri tu mpiga picha amalize ili aendelee na shughuli zake.

Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba mkono hubeba hisia katika picha ya sanaa pale unapobaki na mwenyewe, yaani unapoonekana kuwa ni wa mtu fulani anayefanya jambo fulani, anayelikataa au anayelizuia. Mpiga picha anapoutenga mkono na mtu wake ili ausimamishe peke yake uwakilishe wazo, hisia tunazozipata huwa ni zake yeye mpiga picha au ni zetu sisi watazamaji, hata kama tunaamini kwamba tumezisoma kwa yule aliyepigwa. Hili si suala la ufundi peke yake. Linahusu pia nani ana haki ya kusema kwamba mtu fulani anaumia, anapenda au amechoka.

Sababu ya mkono kusema mengi kuliko uso ni rahisi kuieleza. Uso umefundishwa. Tangu mtoto anapoelewa kwamba kile kilichoelekezwa kwake ni kamera, huambiwa atabasamu, atazame hapa, anyanyue kidevu. Akikua huongezewa mafunzo ya picha ya pasipoti, ya kitambulisho, ya mahafali na ya harusi, mpaka anapofika utu uzima anakuwa na uso maalumu wa kupigia picha. Mikono haikupewa mafunzo hayo. Ndiyo maana mtu akisimama mbele ya kamera hujikuta anauliza, "Mikono niiweke wapi?", na wapiga picha wa studio za zamani walikuwa na majibu yao tayari: meza ndogo ya kuegemea, ua la plastiki, redio, bega la mke, mgongo wa kiti.

Seydou Keïta, mpiga picha aliyefungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948, alilijua jambo hilo vizuri sana. Katika mojawapo ya picha zake mashuhuri, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, kijana aliyevaa suti nyeupe na miwani yenye fremu nzito ameshika ua moja la bandia mbele ya kifua chake. Uso umetulia, hautaki kutoa siri. Lakini namna vidole vinavyokishika kile kikonyo, kwa uangalifu uliozidi kidogo mahitaji ya ua lisiloweza kunyauka, inatueleza habari za mtu anayetamani kuonekana mstaarabu na ambaye bado hajawa na hakika kama atakubaliwa. Keïta ndiye aliyempanga akae vile, kwa kuwa kazi ya studio ilikuwa ni kupanga, lakini alimpanga kwa ajili ya kijana mwenyewe, aliyelipia picha na aliyekuwa akiipeleka nyumbani. Hisia iliyomo katika mkono ule ina mwenyewe, na mwenyewe alitoka nayo mlangoni ikiwa ndani ya bahasha.

Sasa tumtazame Alfred Stieglitz, kwa sababu kila mjadala wa mikono katika picha za sanaa lazima upitie kwake. Kati ya mwaka 1917 na 1937 Mmarekani huyu alipiga picha zaidi ya 300 za mchoraji Georgia O'Keeffe, ambaye walioana mwaka 1924, na sehemu kubwa ya mradi huo ni mikono: mikono mbele ya michoro yake, mikono iliyonyanyuliwa hewani, mikono kifuani, vidole vilivyokunjwa na kukunjuliwa. Stieglitz aliamini kwamba picha ya mtu haikamiliki kwa uso mmoja wa siku moja, na kwamba mkono peke yake unaweza kuwa picha kamili ya mtu. Soko la sanaa lilikubaliana naye: mwaka 2006 picha yake ya mwaka 1919 yenye mikono ya O'Keeffe iliuzwa mnadani New York kwa dola za Marekani takriban milioni 1.47.

Ni picha nzuri mno, na sitaki kujifanya kwamba hazinigusi. Lakini yafaa tukumbuke jinsi zilivyopatikana. Stieglitz alitumia kamera kubwa za kusimamishwa, na O'Keeffe alikuja kusimulia miaka mingi baadaye kwamba baadhi ya picha zilimtaka akae bila kutikisika kwa dakika tatu au nne, wakati ambapo mahali panapowasha hapakuniki na jicho halipepeswi. Mkono ulioshikiliwa hewani kwa dakika tatu hauwezi kusahau kwamba unapigwa picha. Ule mvutano tunaouona katika vidole, ambao wahakiki wengi wameuita shauku, kwa sehemu yake ni misuli iliyochoka. Shauku ipo, sikatai, ila ninavyoona mimi mahali ilipo zaidi ni nyuma ya kamera kuliko mbele yake. Picha nyingi katika mradi ule zinatuambia jinsi Stieglitz alivyompenda O'Keeffe, na zinatuambia machache kuhusu O'Keeffe alikuwa akihisi nini.

Kuna mbili ninazoziweka kando. Ya kwanza ni ya mwaka 1919, ambamo O'Keeffe anashona, kidole kimevaa kastabini inayong'aa na mikono imezama katika giza la kitambaa. O'Keeffe alikuwa fundi mzuri wa kushona nguo zake mwenyewe, na katika picha hii vidole vinajua kazi yake. Havijali kama sisi tupo. Ya pili ni ya mwaka 1933. Mkono uliovaa bangili umelazwa juu ya gurudumu la gari linalometameta. Miaka minne kabla ya hapo O'Keeffe alikuwa amekwenda New Mexico bila mumewe, akanunua gari aina ya Ford na kujifunza kuliendesha, na maisha yake yalianza kuhamia huko jangwani taratibu. Mkono ule haumbembelezi mtu. Umelala juu ya chuma kwa utulivu wa mwenye mali, na mpiga picha, kwa uungwana ambao ni lazima tumhesabie, aliuacha hivyo. Kwangu mimi hizo mbili zina uzito kuliko zile zote za mikono iliyopaa hewani bila kushika kitu.

Picha ya mikono inayojulikana kuliko zote duniani watu wengi huikumbuka kwa uso. Mwezi Machi mwaka 1936, katika kambi ya wachumaji njegere huko Nipomo, California, mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange alimpiga picha mama mwenye umri wa miaka 32 akiwa amezungukwa na watoto wake. Watoto wawili wamegeuza nyuso na kuzificha mabegani mwake, mchanga yuko mapajani, na mkono wa kulia wa mama umepandishwa hadi shavuni, vidole vimegusa ngozi karibu na mdomo. Ufunike mkono huo kwa kidole chako, kisha uitazame picha upya: utaona mwanamke anayeangalia mbali, basi. Ukiurudisha mkono, mashaka yote yanarudi.

Mtazamaji aliyelelewa katika nyumba za Waswahili haihitaji elimu ya historia ya Marekani ili kuuelewa mkono huo, kwa sababu mama yule ameshika tama. Nyumbani mtoto akikaa vile huulizwa na bibi yake kama amefiwa, na hukemewa auondoe mkono shavuni asije akaita msiba. Vivyo hivyo kwa mikono miwili iliyowekwa kichwani, ambayo kwetu ni ya matanga na ya ajali, na ambayo mtu mzima akiiona kwa mtoto anayecheza tu hutaka ishushwe mara moja. Nalitaja hili kwa kuwa baadhi ya waandishi hudai kwamba ishara za mikono ni lugha ya ulimwengu mzima. Baadhi yake hukaribia kuwa hivyo. Nyingine hazikaribii kabisa: kupokea kitu kwa mikono miwili huku umepiga goti ni heshima katika jamii nyingi za kwetu, lakini ukikiondoa kile kinachopokewa na ukamwondoa na yule anayetoa, mtazamaji wa mbali ataona mtu anayeomba. Wapiga picha wengi wamejenga majina yao juu ya makosa ya namna hiyo.

Kuna jambo katika picha ya Lange ambalo linanishughulisha kuliko hata ule mkono wa shavuni. Katika negativu ya asili, kwenye kona ya chini kulia, kulikuwa na kidole gumba kilichoushika mti wa hema. Miaka michache baada ya picha kupigwa, Lange alitaka kidole hicho kiondolewe, na kikafutwa katika negativu kwa kuchorewa juu yake, ingawa ukitazama kwa makini chapa zilizofuata bado utaona kivuli chake. Roy Stryker, aliyekuwa mkuu wake katika mradi wa serikali ya Marekani wa kupiga picha za maisha ya wakulima maskini, hakufurahishwa. Kwa jicho la ufundi, Lange alikuwa na sababu: kidole kilikuwa mbele mno, hakikuwa katika fokasi, na kilivuta jicho mbali na uso. Lakini mimi nasimama na Stryker. Kidole kile kilikuwa kinashika kitu. Kilitukumbusha kwamba haya yalitokea chini ya turubai lililoegemezwa kwenye mti mmoja, mahali ambapo mtu hujishikiza kwa chochote alichonacho. Kilipofutwa, picha ilitulia na kukaribia sanamu za Bikira Maria zilizomo makanisani. Ikapata utakatifu na ikapoteza kambi.

Mwenye mikono ile naye alipotezwa vilevile. Alikuwa akiitwa Florence Owens Thompson, lakini dunia haikulijua jina lake hadi mwaka 1978, yaani miaka 42 baadaye, na alipopatikana alieleza uchungu wake kwamba sura yake ilikuwa imeenea kila mahali naye hakupata chochote. Hapa siwezi kusema kwamba Lange alikuwa mtu mbaya, kwani alifanya kazi ile ili wachumaji wasaidiwe, na msaada wa chakula ulipelekwa kambini baada ya picha kutoka. Ninachosema ni kwamba mkono uliotuliza mamilioni ya watu waliohisi kwamba wameielewa njaa ulikuwa na mwenyewe aliyekuwa hai, aliyekuwa na maoni, na ambaye hakuulizwa.

Lange huyohuyo, mwezi Novemba mwaka 1940 huko Eloy, Arizona, alipiga picha ambayo naiona kuwa bora kuliko ile. Mchumaji pamba kijana ameegemea ubao wa uzio, mkono mmoja ameunyanyua mbele ya mdomo, kiganja kimetuelekea sisi. Unaona mistari ya kiganja, unaona ngozi iliyokauka, na nyuma ya kiganja hicho macho yanakutazama moja kwa moja. Ni mkono unaofunga mdomo wa mwenyewe, au pengine unaotuzuia tusisogee. Hatuambiwi ni lipi kati ya hayo, na hiyo ndiyo nguvu yake: mtu yule amebaki na neno lake. Mkono unaokataa unaweza kubeba hisia kubwa kuliko mkono unaotoa, na ni aibu kwamba maonyesho yetu yana mikono mingi sana iliyofunguliwa na michache mno iliyofungwa.

Najua kuna mfano mmoja unaoitikisa hoja yangu, nao ni wa Tina Modotti. Mwaka 1927, akiwa Mexico, Modotti alipiga picha ya mikono ya mfanyakazi iliyopumzika juu ya mpini wa sururu au koleo. Hakuna uso, hakuna jina, fremu imeishia kiunoni. Kwa kanuni niliyoiweka mwanzoni, picha hii ilipaswa kuwa tupu, na si tupu hata kidogo. Vumbi limeingia katika mikunjo ya vidole, ngozi imekuwa ngumu mahali ambapo mpini hukaa kila siku, na mikono imetulia jinsi inavyotulia mikono ya mtu aliyepumua kidogo kabla ya kuendelea. Modotti alijiunga na chama cha kikomunisti mwaka huohuo, na alitaka mikono hiyo isimame badala ya tabaka zima la wafanyakazi. Kuuacha uso nje lilikuwa tamko la kisiasa, na miaka mitatu baadaye siasa hizo zilimfanya afukuzwe nchini humo. Jibu langu ni kwamba mwenyewe hahitaji kuonekana kwa uso ili awepo. Anaweza kuwepo kwa kazi yake. Mikono ya Modotti ina historia iliyoandikwa na mpini, na hakuna anayeweza kuitazama akadhani kwamba imewekwa pale ili sisi tuihurumie.

Kinyume chake kabisa ni picha iliyopigwa karibu nasi. Mwezi Aprili mwaka 1980, wakati wa njaa kubwa ya Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, Mwingereza Mike Wells alipiga picha ya mkono wa mtoto wa Kikaramojong' ukiwa umelala ndani ya kiganja cha mmisionari. Mkono wa mtoto ni mdogo, mweusi, umekauka mpaka vidole vimebaki mifupa na ngozi, na umejikunja. Mkono wa mmisionari ni mkubwa, mweupe, umejaa. Hakuna kitu kingine cha kutazama. Picha hiyo ilichaguliwa kuwa picha bora ya mwaka katika mashindano ya World Press Photo, na tangu hapo imechapishwa katika vitabu na kutundikwa katika kumbi pamoja na kazi za sanaa, ingawa ilipigwa kwa ajili ya habari.

Tuitazame kwa makini, kwa sababu ni picha ya eneo letu na haijapata kusemwa vya kutosha kwa lugha yetu. Kwa jicho la ufundi ni kazi kamili: tofauti ya rangi, ya ukubwa na ya afya imewekwa katika nafasi ndogo kiasi kwamba jicho halina pa kukimbilia. Lakini mkono unaotenda katika picha hii ni mmoja tu. Mkono mweupe umebeba. Mkono mweusi umebebwa. Mtoto hana uso, hana mama, hana kijiji, hana mifugo iliyoporwa kwa bunduki zilizozagaa baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979, jambo ambalo pamoja na ukame ndilo lililosababisha watu kufa kwa wingi namna ile. Watu wa Karamoja wenyewe walizika, waligawana kilichobaki, walitembea masafa marefu wakiwa na watoto migongoni, na mikono iliyofanya kazi hiyo yote haikuingia katika fremu. Hisia inayobubujika ndani ya mtazamaji ni ya kweli, nami nimeipata kila nilipoitazama, lakini ni hisia ya mtazamaji. Yule mtoto hatujui alihisi nini, wala picha haikujengwa ili tujiulize.

Wells mwenyewe aliliona tatizo hilo mapema kuliko wahakiki wake. Alisema kwamba aliona haya kuipiga picha ile. Chombo cha habari alichokifanyia kazi kilikaa nayo miezi mitano bila kuichapisha, kisha kikaiingiza katika mashindano bila ridhaa yake, na alieleza wazi kwamba hakupenda kushinda kwa picha ya watu wanaokufa kwa njaa. Naheshimu sana kauli hiyo. Inaonyesha kwamba mpiga picha alikuwa na dhamiri kuliko mfumo uliomzunguka, na inatukataza kumtupia yeye peke yake lawama zote.

Mtindo ulioachwa na picha ile haujaondoka. Mashirika ya misaada yameurudia mpaka umechakaa, na wapiga picha wetu wenyewe wameurithi bila kujiuliza, kwa kumwondoa mmisionari na kubaki na mkono uliokunjamana. Ufundi wa kompyuta umelizidisha hilo. Kiganja cha mtu mweusi kina tabia ambayo kila mpiga picha makini wa kwetu huijua kwa mazoea: mgongo wake ni mweusi na tumbo lake ni jeupe zaidi, kiasi kwamba ukipima mwanga kwa upande mmoja, upande wa pili unaweza kukupotea. Filamu za rangi za zamani hazikusaidia, maana maabara za Kodak zilirekebisha rangi kwa kutumia picha ya mfano ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ilikuwa ikizama kivulini. Leo kamera zina uwezo wa kuonyesha mgongo na tumbo la kiganja katika fremu moja, pamoja na ule mstari wa pembeni ambapo rangi mbili hukutana, mstari mzuri ambao wazungu hawana. Badala ya kuuchunguza mstari huo, wengi huifanya picha kuwa nyeusi na nyeupe, huongeza ukali wa vivuli kwa programu mpaka kila mkunjo unakuwa mfereji, na mkono wa bibi anayejipaka mafuta kila asubuhi unatoka ukifanana na gome la mbuyu. Hapo uzee umetengenezwa, haukuonekana.

Kuna ajabu moja ya miaka ya karibuni inayothibitisha jinsi tunavyouamini mkono. Programu za akili mnemba zilipoanza kutengeneza picha za watu, kitu cha kwanza kilichozifichua kilikuwa vidole: sita mahali pa vitano, au vidole vilivyoungana. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alishinda katika kundi la ubunifu la Sony World Photography Awards kwa picha ya wanawake wawili iliyoonekana kama ya miaka ya 1940, kisha akaikataa tuzo na kueleza kwamba ilitengenezwa kwa akili mnemba. Katika picha hiyo kuna mikono iliyomgusa mwanamke wa mbele, na ukiikazia macho unaona kwamba haikai inavyopaswa kukaa mikono ya mtu. Programu hizo zimeboreshwa tangu wakati huo, na vidole sasa mara nyingi hutoka vitano. Bado, idadi sahihi ya vidole haiupi mkono mwenyewe.

Pwani yetu tunao mkono mwingine ambao wahakiki hawaushughulikii kwa sababu wanauona kuwa ni pambo. Ni mkono wa bibi harusi uliopakwa hina na piko. Katika miji kama Mombasa, Lamu na Zanzibar, familia nyingi hazipendi uso wa bibi harusi usambazwe kwa watu wasiohusika, kwa hiyo picha inayotumwa kwa ndugu wa mbali, hata wale wa Muscat na Dubai, mara nyingi ni ya mikono peke yake: viganja viwili vimefunguliwa kando kwa kando, au mkono mmoja juu ya mwingine ili maua ya mgongoni yaonekane pamoja na pete. Wasanii wakubwa wameingia katika uwanja unaokaribiana na huu. Shirin Neshat, mzaliwa wa Iran, katika picha zake za miaka ya 1993 hadi 1997 aliandika mashairi ya Kiajemi kwa wino juu ya chapa zenyewe, pamoja na ile ya mkono ulioinuliwa hadi midomoni. Lalla Essaydi wa Morocco aliandika kwa hina juu ya ngozi na nguo za wanawake aliowapiga, akiutumia ufundi wa kike kuandika khati, yaani maandishi ya mapambo, ambayo kwa mapokeo ilikuwa sanaa ya wanaume. Kazi ya Essaydi hunivutia zaidi, kwa kuwa hina huchukua saa nyingi na humtaka mwanamke anayepakwa akae na anayempaka, wazungumze, wangoje ikauke. Uhusiano huo unaonekana katika namna mikono inavyokaa baadaye mbele ya kamera.

Ila mikono ya mabibi harusi wetu, iliyopigwa kwa simu na mashoga zao chini ya taa ya chumbani, mara nyingine ina ukweli ambao hata kazi hizo hazinao. Vidole vimetanuliwa kidogo kuliko inavyohitajika, kwa sababu hina bado ni mbichi na mwenyewe anaogopa isiharibike. Kifundo cha mkono kimenyanyuka juu ya mto. Kuna hofu, kuna fahari, kuna uchovu wa kukaa tangu alasiri. Jina la bibi harusi halipo, na hapa ndipo ninapolazimika kuwa mwangalifu na dai ninalowapa waandaaji wa maonyesho kila ninapopata nafasi, kwamba waandike jina la mwenye mkono chini ya picha. Mwanamke huyu ameamua jina lisiwepo, ameamua uso usiwepo, na ndiye aliyechagua ni mkono upi uje juu ya mwingine. Mzee wa mkongojo anastahili kuulizwa hayohayo kabla shata haijabonyezwa, na akisema anataka apigwe akiwa anasuka ukili, au akiwa na uso wake na kofia yake ya Ijumaa, mpiga picha arudi nyuma hatua mbili na kuipanua fremu.